Ubeti wa Mwanashee

Mhesabu mizani hasikii kilio. Mmeisikia leo, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Basi methali hii ilianzia Siyu, kwa Maalim Bwanaheri.

Maalim alifundisha utenzi barazani kwake. Ubeti wenye kasoro aliurudisha na wino mwekundu, hata mara kumi, mpaka unyooke. Mwanafunzi wake hodari alikuwa bintiye, Mwanashee. Alipoacha masomo akaolewa na mkulima, Maalim alihamaki: "Sikanyagi kwako mpaka uniletee ubeti usio na kasoro!"

Miaka mitatu ikapita. Kiangazi kimoja kikali, Somoe, wifi yake Mwanashee, akaleta karatasi iliyokunjwa mara nne:

*Kisima kimekauka,*
*Mchicha umenyauka,*
*Na ndege wametoroka,*
*Baba, nakungoja.*

Moyo ulimruka Maalim. Mwandiko ule aliufundisha yeye. Lakini vidole vilishaanza kuhesabu mizani. Nane. Nane. Nane. Vina ka, ka, ka, safi kabisa. Mshororo wa mwisho: sita!

"Hapa kateleza," akasema, akachomeka neno "bado" kwa wino mwekundu: *Baba, bado nakungoja.* "Mwambie aunakili upya aulete, nami nitakuja."

"Maalim, umeusoma au umeuhesabu?"

"Mwanangu, mizani ni mizani."

"Haya. Punda wetu akishikwa na kiu hulia tu, wala hahesabu," akajibu Somoe, akaondoka na karatasi yake.

Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Maalim akaurudia ubeti ule kwa ulimi, safari hii mikono imetulia mapajani. Alipofika mwisho, aliinuka. Akavaa makubadhi, akashika njia ya shamba.

Alikuta kisima kikavu, tope lake limepasuka kama kigae. Matuta ya mchicha yamebaki vijiti. Hata chiriku mmoja hakulia. Mwanashee hakuwa amebuni neno. Aliandika alichokiona mlangoni kwake. Na mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa kamba.

"Wamehama juzi, Maalim," jirani akamwambia. "Wamekwenda kutafuta maji, wapi sijui. Binti yako alikuwa akiitazama njia hii, mtoto mgongoni."

"Mtoto gani?"

Jirani akainamisha macho. "Mjukuu wako. Ameanza kutembea."

Maalim aliuliza mji kwa mji, asiwapate. Akarudi barazani kufundisha, maana hakujua kazi nyingine. Lakini kila mwanafunzi aliponyanyua vidole, alimshika mkono kwa upole, akamwambia: "Shusha kwanza, mwanangu. Usikilize. Mhesabu mizani hasikii kilio."