Nyanzobe Aliyevuja Shambani

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Mmekimbizana uwanjani mpaka sauti zimewaisha? Paukwa!

Pakawa!

Nani kawalowesha hivyo?

Hatujui!

Kama hamjui, kaeni chini niwaambie. Na wewe usiniegemee, umelowa chapachapa. Sogea kule.

Hapo zamani za kale, ngozi ya binadamu ilikuwa kavu. Ukikimbia, kavu. Ukitwanga, kavu. Ukicheza ngoma mpaka vumbi likapanda, kavu vilevile. Joto likiingia mwilini halina mlango wa kutokea. Linakaa humo humo, linachemka, mwisho mtu anaanguka puu!

Basi katika nchi ya Mtemi Mihayo watu walilima wawili wawili. Mmoja anashika jembe, mwingine anamfuata na kibuyu anammwagia maji kichwani. Maji ya kazi yalikuwa ya kumwagiwa tu. Kunywa ni jioni, baada ya ugali. Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia ndivyo tulivyowakuta wazee. Mtu anakufa kiu na kibuyu kipo hatua mbili nyuma yake! Msicheke. Ninyi nanyi mna ya kwenu.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke jina lake Nyanzobe. Mumewe, Ndalahwa, alikuwa amekufa, na desturi ilikuwa hivi: mjane anapewa siku moja kulima shamba la marehemu, tangu ngoma ya asubuhi mpaka ngoma ya jioni. Akimaliza, shamba lake. Asipomaliza, linakwenda kwa ndugu wa mume. Tena kulikuwa na mwiko. Chozi lisidondoke shambani. Machozi yana chumvi, walisema, na chumvi itaua mbegu. Mjane akilia mle ndani, shamba amelipoteza.

Nyanzobe alikuwa na watoto watatu na shamba hilo moja. Hakuwa na kingine, hata kuku.

Ndugu wa mume alikuwa Lushinge. Huyo hata siku ya mazishi alikuwa akipima matuta kwa macho.

Asubuhi ikafika. Nyanzobe akachukua jembe la mumewe. Wifi yake, Milembe, ndiye aliyeahidi kummwagia. Akaja kweli na kibuyu, lakini akasimama ukingoni, haingii.

"Wifi, kaka Lushinge kasema nikikumwagia hata tone moja nisirudi kwake. Na mimi na wanangu tunalala kwake."

"Sasa mimi nifanyeje, wifi?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

Akatua kibuyu chini, akaondoka mbio. Nyanzobe akabaki anakitazama. Amwite? Amfuate? Ngoma ikalia. Akainama.

Jembe juu, jembe chini. Tuta la kwanza, tuta la pili, tuta la tatu. Joto likampanda miguuni. Akasema, "Nitavumilia."

Jembe juu, jembe chini. Joto likampanda tumboni. Akasema, "Nitavumilia."

Jembe juu, jembe chini. Joto likampanda kichwani, na hapo hakusema kitu, maana alishasahau alikuwa akimwambia nani. Matuta yakawa mawili mawili. Akalima hewa. Akaona mumewe amesimama kwenye tuta, akamwambia, "Ondoka hapo, nitakukata mguu."

Akayumba mpaka kwenye kibuyu. Akakiinua ajimwagie mwenyewe. Kichwa kinazunguka. Alilenga utosi akapata mdomo! Maji yakaingia gu, gu, gu. Kabla hajajua anafanya nini, kibuyu kitupu.

"Mama yangu! Nimekunywa maji ya kazi!"

Akakitikisa. Hakuna kitu. Akajua amekwisha. Lakini jua lilikuwa bado juu na wanawe walikuwa nyumbani, basi akarudi kwenye jembe, maana hakujua afanye nini kingine.

Jembe juu, jembe chini. Mara, to! Tone likamdondokea puani.

Akatazama juu. Mvua? Anga jeupe, hata wingu moja hakuna. Akatazama nyuma. Milembe karudi? Hakuna mtu. Akagusa macho. Analia? Makavu.

"Ala! Haya maji ya nani?"

Yakamtoka kwenye paji la uso, shingoni, mgongoni. Akajikagua mwili mzima akitafuta ametoboka wapi. Hakuona tundu. Akataka kukimbilia kwa mganga, akakumbuka shamba. Akafikiri, labda ninakufa, na hivi ndivyo watu wanavyokufa. Kisha kaupepo kadogo kakapita juu ya ngozi yake iliyolowa, na kichwa kikapoa. Matuta yakarudi kuwa moja moja. Hakuelewa, lakini akalima. Akalima huku anavuja, akalima!

Jioni Mtemi akaja na watu wake na ngoma yake. Ngoma ikalia, pa! Nyanzobe akawa ndiyo kwanza amemaliza kufukia tuta la mwisho.

Watu wakashangilia. Lushinge akaruka mbele.

"Ngojeni! Mtazameni, kalowa! Huyu kalia shambani!"

Mtemi akamkaribia Nyanzobe, akamgusa paji la uso kwa kidole, akalamba.

"Chumvi," akasema.

"Mmesikia?" akapiga kelele Lushinge. "Machozi! Shamba langu!"

"Lakini mgongo nao umelowa," akasema mmoja.

"Na kwapa! Mtu analia kwa kwapa?"

Mtemi akaketi. Akasimama. Akalamba kidole tena. Tangu apewe utemi hajakutana na neno kama hilo. "Nyanzobe," akauliza, "unalia au hulii?"

"Mtemi, hata mimi sijui ni kitu gani. Nimekunywa maji, nimelima, yametoka. Lakini kulia sijalia. Tangu tumzike Ndalahwa kila chozi nalimeza, naogopa likishaanza moja litadondokea shambani. Shemeji anasema ni machozi ya mjane. Yeye si mjane. Mpeni maji anywe, mpeni jembe hili, alime matuta matatu tuone."

Lushinge akacheka. "Hayo tu? Leteni!"

Milembe ndiye aliyeleta kibuyu, hakungoja kutumwa. Lushinge akanywa chote, akashika jembe.

Tuta la kwanza, akalima anacheka. Tuta la pili, kicheko kikamwisha. Lilikuwa jembe la kaka yake. Mpini umelika pale Ndalahwa alipozoea kushika, na kiganja cha Lushinge kikaingia palepale. Tuta la tatu, to! Tone likamdondokea puani.

"Shemeji," akasema Nyanzobe polepole, "unamlilia nani?"

"Silii!"

Akatazama juu. Hakuna wingu. Akatazama nyuma. Hakuna kibuyu. Akagusa macho.

Yalikuwa yamelowa. Paji nalo limelowa, na mashavu, na kidevu, na hakuna mtu pale aliyeweza kusema tone lipi limetoka wapi.

"Lushinge," akasema Mtemi, "sasa nambie wewe, maana mimi nimechanganyikiwa. Kama ni machozi, mmelia wote wawili, na shamba halimwendei yeyote kati yenu. Kama si machozi, mwanamke kamaliza kazi, shamba lake. Ni machozi haya?"

Lushinge akasimama na lile jembe amelikumbatia kifuani.

"Si machozi, Mtemi," akasema. "Ni joto tu." Na mabega yalikuwa yakimtikisika.

Milembe akaingia shambani. Akamfuta wifi yake uso kwa upindo wa nguo. Kisha akamwendea kaka yake, akamfuta naye, wala hakumuuliza ni nini anachofuta.

Tangu siku hiyo watu wakaacha kumwagiana maji, wakaanza kunywa. Kitu kile wakakiita jasho. Ndiyo maana ukikimbia linakutoka, upepo ukipita unapoa, na ukililamba lina chumvi. Na ndiyo maana mtu mzima ukimkuta na jembe, uso umelowa, ukimuuliza kulikoni, atakwambia ni jasho tu. Nawe umwamini.

Hadithi yangu imekauka, ninyi bado mmelowa. Nendeni mkaoge!