Wimbo wa Dulmaa Ulionuka Moshi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, maana ninakowapeleka ni kwenye baridi.

Hapo zamani za kale, ila si za kale sana, maana mabasi yalikuwepo, katika nyika za Mongolia ngamia mmoja alizaa kwa uchungu mkubwa, akamkataa mwanawe. Ndama akimsogelea, teke! Akimsogelea, teke! Akimsogelea, teke! Siku ya tatu ndama hakuweza hata kusimama.

Wafugaji wa huko wana dawa yao: ngamia wa namna hiyo huimbiwa mpaka atoe machozi na kunyonyesha. Choidog, mwenye ngamia, akashika zeze akaimba kama babu yake: "Huus, huus, huus! Majani ni tele, mpe mwanao maziwa."

Ngamia akamtemea mate. "Majani gani? Yalikufa chini ya barafu, na mama yangu akafa njaa. Mwongo mkubwa we!"

Dulmaa, mdogo wake Choidog, alikuwa amekuja kumsalimia. Barafu hiyo hiyo ilimmalizia mifugo, akahamia pembezoni mwa mji, akaishi miaka minne kwenye moshi wa makaa ya mawe.

"Kaka, niachie mimi."

"Wewe? Wimbo wa babu umeutia mabasi, umeutia moshi, na sauti umeiokota kwa majirani zako wa mjini waliotoka magharibi. Umeuharibu! Humwimbii ngamia wangu."

Dulmaa moyo ukamchemka. "Babu alihama mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara nne."

"Na wimbo wake aliuacha kambini ulinde majivu? Alihama nao. Nami nimehama nao. Nitaimba, upende usipende!"

Akapiga magoti mbele ya ngamia.

"Huus! Nyasi zilikufa, nikahama. Huus! Nilipanda basi nikilia. Huus! Moshi ulinikaba, jirani nisiyemjua akanipa chai. Malisho yametuacha, mama. Tusiwaache wana."

Ngamia akatulia. Chozi likamdondoka, likafuata la pili. Akamnusa ndama, akampisha kwenye chuchu. Ndama akanyonya mpaka mdomo ukajaa povu.

Choidog akajifuta macho kwa mkono wa joho. "Haya, umeshinda. Ila lile basi ulitoe."

Ngamia akainua mguu wa nyuma. "Thubutu!"

Basi likabaki mpaka leo, na Choidog mwenyewe huliimba. Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeipenda na aende akamwambie ngamia.