Waziri Aliyegeuzwa Mwiko wa Halua

Katika mji wa Ras Anbari, mji wa mnara mweupe na malango ya msaji, alitawala sultani akiitwa Fahari bin Harubu, na sultani huyo alipenda vitu viwili duniani, heshima na halua, na vyote viwili alimkabidhi waziri wake Ghalibu bin Shekue avisimamie. Heshima ilizidi kila mwaka. Halua ilikuwa ikiungua.

Si kila siku. Siku nyingine ilitoka jikoni ikimeremeta kama kaharabu, ikateleza kooni bila kuyapa meno kazi. Siku nyingine ilikuja na mabonge na harufu ya masizi, na wageni wa baraza wakaitafuna kimya huku wakitazamana. Na kila ilipoungua, Waziri Ghalibu, ambaye hakuwahi kuchemsha hata maji ya kunywa, alikwenda jikoni mwenyewe kukagua. Alikwenda kwa desturi ya mawaziri wa mji ule: mbele mpiga siwa, ile baragumu ya wakubwa, nyuma mbeba mwavuli, na siwa ikilia kila mtu huweka chini alichoshika, akasimama kichwa ameinamisha na mikono kifuani mpaka mkubwa apite. Naye hakupita upesi. Aliuliza kama wana shida yoyote, wakajibu hawana shida, seyyidi. Akawahutubia juu ya bidii. Akaondoka amefurahi, na manukato yake yakabaki yakigombana na moshi. Halua ikazidi kuungua, na ziara nazo zikazidi.

Kwa kosa hilo mpishi mkuu wa zamani, Mzee Feruzi, alikwisha kufukuzwa mjini, akafia ugenini. Mahali pake palishikwa na Bi Zuwena binti Mbwana, mjane mwenye mikono ya mpiga makasia, aliyekuwa akimtunza mama yake asiyeweza tena kusimama. Sasa mwana wa sultani alitaka kuoa, na halua ya posa iliyopelekwa kwa ukoo wa binti ikarudishwa na sinia yake, imefunikwa kitambaa kwa adabu. Sultani hakula siku hiyo. Akamwita waziri akamwambia, "Ghalibu, nimeaibika kwa wakwe. Ijumaa baada ya sala nataka anayeniharibia halua asimame mbele yangu. Kama ni yule mwanamke, apakwe masizi uso mzima na atolewe langoni."

Waziri akasema kusikia ni kutii, na moyoni alikwisha kumhukumu Bi Zuwena kuwa mwizi wa samli, maana aliwahi kusikia kwamba halua ikipunjwa samli huungua.

Basi waziri huyu alikuwa na pete ya akiki aliyoirithi kwa babu yake, na ndani yake alifungwa jini aitwaye Kaukabu, ambaye zamani alihamisha milima, na kwa Ghalibu kazi yake ilikuwa kupepea na kutafuta makomamanga yasiyo na mbegu. Waziri akaisugua pete, jini akatoka akipiga miayo.

"Nataka kumwona mwizi," waziri akasema. "Niione halua ikipikwa tangu moto kuwashwa, na mimi nisionekane."

"Umekwenda jikoni mara zote hizo, seyyidi yangu, na hujaiona ikipikwa?"

Waziri akajaribu kukumbuka, na hakukumbuka ila vichwa vilivyoinama. Akaamuru afanyiwe alivyosema. Jini akamuuliza kama anataka kuwa nzi au panya, naye akasema hivyo ni viumbe duni, atafutiwe kitu chenye heshima zake. Na asubuhi Waziri wa Ras Anbari akajikuta ni mwiko wa mvule, mrefu, umeegemezwa ukutani kando ya sufuria ya shaba, hana mkono wala mdomo, ila masikio na macho, na mwili wa kusikia moto.

Bi Zuwena akaja, akamshika shingoni, akamtumbukiza.

Nyinyi mnaoila halua kwa ncha za vidole, mkisubiri kahawa ipoe, hamjui inavyosongwa. Wanga na sukari vikianza kushikana, mwiko hausimami tena, na anayesonga hapangusi jasho wala hajikuni. Bi Zuwena akichoka alimpokeza msaidizi wake Hamdani, pande la mtu lenye mabega, naye aliudaka mwiko ungali unazunguka. Waziri akazungushwa mpaka hakujua mashariki ni wapi, na katika kuzungushwa huko akamtafuta mwizi wake. Samli yote iliingia sufuriani, na iliyobaki kwenye chungu Bi Zuwena aliikwangua kwa kidole ikaingia nayo.

"Leo tutapigiwa siwa?" Hamdani akauliza.

"Jana ilipigwa, juzi ilipigwa. Omba awe na mafua."

"Mara ya mwisho alituuliza kwa nini jikoni kuna joto."

Wakacheka mpaka Bi Zuwena akaomba wanyamaze, mikono itamlegea. Lau mwiko ungekuwa na uso, ungeufunika.

"Si tumwambie, bibi? Kwamba akija tunaacha kusonga, na tukiacha inashika chini?"

"Feruzi alimwambia," Bi Zuwena akasema. "Alimwomba aje bila siwa. Akaambiwa anamfunza waziri adabu, na hakumaliza wiki mjini."

Na waziri akakumbuka. Palikuwa na mzee mwenye kikohozi, na alisema jambo, refu kidogo, na yeye Ghalibu wakati ule alikuwa akitazama kama mwavuli umemfunika sawasawa.

Hapo siwa ikalia.

Bi Zuwena akauachia mwiko, ukabaki umesimama katikati ya halua, na wote wakainama. Akaingia Waziri Ghalibu, maana Kaukabu alikwisha kuvaa umbo lake, na kanzu yake, na mwendo wake. Na yule wa kwenye sufuria akajiona mwenyewe anaingia. Alikuwa mfupi kuliko alivyodhani. Akajisikia akiuliza kama wana shida yoyote, akawasikia wakijibu hawana. Kisha hotuba ikaanza, ya bidii, neno kwa neno, pamoja na ile sehemu aliyoitunga mwenyewe na kuipenda. Halua ikatulia, ikamkaza miguu, na chini ikaanza kuchemka na kushika, na moto ukampanda nyayoni, naye hakuwa na mdomo wa kulia. Akaungua kwa hotuba yake mpaka mwisho wake, na haikuwa fupi.

Siwa ilipoondoka, Bi Zuwena akaurukia mwiko akasonga kwa nguvu zote, lakini mabonge yalikwisha kufanyika na harufu ilikwisha kutoka. Akakaa juu ya kigoda. Hakulia. Alimwambia Hamdani tu kwamba Ijumaa jioni apite nyumbani kwake amgeuze mama ubavu, maana yeye atakuwa ametolewa langoni, na asimwambie mama huyo mwanawe yuko wapi.

Ijumaa ikafika, na waziri, amekwisha kurudishiwa umbo lake na jini, akaingia barazani akichechemea, nyayo zimetoka malengelenge na sukari imemganda ndevuni. Bi Zuwena alisimama katikati na furushi lake, na askari pembeni na bakuli la masizi. Kaukabu akamnong'oneza kutoka kwenye pete, akamwambia amsingizie jini, yeye amezoea kusingiziwa na hatajali. Na Ghalibu, aibu kubwa kuisema, alifungua kinywa ili aseme hivyo hivyo. Kisha akamwona Bi Zuwena akisogeza leso yake nyuma ya masikio, taratibu, ili isichafuke na masizi.

"Ewe Sultani, Mungu akuweke," akasema, "halua yako naiunguza mimi. Kila nilipokwenda kuitazama niliisimamisha, kisha nikamwadhibu aliyesimamishwa. Mzee Feruzi aliniambia nami sikumsikia, na sasa hayupo nimwombe radhi. Masizi hayo ni yangu."

Baraza zima likatazama mazulia. Sultani naye akayatazama, maana yeye akitembea hupigiwa siwa mbili. Akamuuliza Bi Zuwena anataka mtu huyu afanyweje.

"Uso wake tumwachie, seyyidi," Bi Zuwena akajibu. "Masizi yako tele kwenye sufuria. Aje akwangue."

Akaenda, akakwangua, mtu mzima na ndevu zake, na wapita njia wakasimama dirishani. Siku alipopewa ruhusa alikwenda kwa miguu, peke yake, hadi ule mji wa mbali alikobaki mjane wa Feruzi. Yule bibi akampa maji katika kata na hakumkaribisha kukaa.

"Feruzi alisema utakuja siku moja," akamwambia. "Alidhani utakuja na siwa."

Akairudisha kata, na mpaka kufa kwake hakuna mtu aliyemwona akila halua tena.

Siku ya kupika halua ya harusi, Ghalibu alikuwa jikoni, kifua wazi, zamu ya kusonga ikiwa yake, na siwa mbili zikalia nje. Hamdani akaanza kuinama.

"Chochea moto," waziri akamwambia, bila kuinua kichwa.

Sultani Fahari akasimama mlangoni, na hakuna aliyemwamkia ila mwiko ukigonga shaba. Akamwashiria mpiga siwa anyamaze. Akavua viatu, akasogea ukutani asizibe njia, akasubiri mpaka samli ikajitenga na Bi Zuwena akasema imeiva.

Sinia haikurudishwa. Mwana wa sultani akaoa, na mji ukala na kunywa. Bi Zuwena akajengewa nyumba ya mawe na mama yake akawekewa kitanda dirishani. Kaukabu akafunguliwa kutoka kwenye pete akarudi kwenye milima yake. Na tangu hapo, katika Ras Anbari, mkubwa akitaka kuijua kazi ya watu huingia kimya na kukaa pembeni, na akiambiwa jambo na mzee mwenye kikohozi humngoja amalize kukohoa. Hayo ndiyo yaliyonifikia nami nimeyafikisha. Anayeona hekaya hii inamhusu yeye, hakukosea.