Mkwe Aliyesema "Constipado"

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Songea. Isome mpaka mwisho, halafu mpelekee yeyote anayejiona anajua lugha zote.

Mwalimu Odilo Mapunda alifundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili. Hata baada ya kustaafu, alipenda kusema kwamba hakuna neno la Kizungu linaloweza kumpiga chenga.

Binti yake, Redempta, alipata mchumba aitwaye Benedito, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetoka Beira, Msumbiji. Posa ilipopangwa, baba yake Benedito, Mzee Atanazio, akasafiri siku tatu kwa basi kuja kuwaona wakwe. Alikuwa na Kiswahili cha maneno kama kumi hivi. Kilichobaki chote kilikuwa Kireno.

Asubuhi ya posa Benedito akamwacha baba yake kwa Mwalimu, walikofikia tangu jana yake, akaenda stendi kumpokea shangazi yake. Wazee wawili wakabaki sebuleni wakitabasamiana.

"Mkwe, umeamkaje?" Mwalimu akauliza.

Mzee Atanazio akatikisa kichwa kwa huzuni. "Constipado," akasema. "Muito constipado."

Mwalimu akashtuka. Neno hilo alilijua fika kwa Kiingereza: ni mtu aliyefunga choo! Akamwonea huruma. Siku tatu garini, chakula cha kubahatisha, nani asingefunga? Lakini moyoni alifurahi pia. Songea nzima, nani mwingine angemwelewa mgeni huyu?

Akaenda jikoni, akamnong'oneza mkewe. Mama Redempta alikuwa akimenya ndizi.

"Amefunga choo? Mbona tangu jana anapiga chafya tu?"

"Kwani wewe unajua Kireno?"

"Sijui. Ila pua ninaiona."

Mwalimu akafungua kabati la dawa. Akakoroga chumvi ya haluli ya kufungua choo, kikombe pomoni, akampelekea mgeni. Mzee Atanazio akanusa, akamtazama mwenyeji wake, akafumba macho, akanywa. Baada ya nusu saa Mwalimu akajishika tumbo, akimwuliza kwa ishara kama kuna nafuu.

"Constipado," mgeni akasema tena kwa unyonge.

Akaongezewa kikombe cha pili.

Saa nane mchana ukoo ukaketi. Benedito alikaa nyuma ya baba yake ili atafsiri. Mzee Kasian, kaka yake Mwalimu, akasimama na kuuliza swali lenyewe: "Mmekuja kumchukua binti yetu kwa moyo mmoja?"

Mzee Atanazio akafungua mdomo. Akaufunga. Macho yakamtoka pima. Akainuka na kutoka mbio kuelekea uani.

Akarudi, akaomba radhi, akaulizwa upya. Akatoka tena. Mara ya tatu hakungoja hata swali liishe.

"Hii ni dharau!" Mzee Kasian akafoka. "Kila tukimtaja binti, yeye anakimbia. Fungeni mizigo yenu. Hakuna posa hapa!"

Chumba cha pili Redempta akaanza kulia. Mwalimu akasimama, jasho likimtiririka.

"Ndugu zangu, msimlaumu. Mkwe alikuwa amefunga choo, nami nikampa haluli. Aliniambia mwenyewe: constipado."

Benedito akajishika kichwa. "Baba mkwe, kwetu constipado ni mwenye mafua!"

Mwalimu akatamani ardhi ipasuke immeze. Hapo ndipo alipokumbuka Kilatini alichosomeshwa seminari utotoni. Neno lilikuwa moja tu, la Warumi, na maana yake ni kubana. Waingereza walipolipata wakalishusha tumboni. Wareno wakalipandisha puani.

Mzee Atanazio akarudi, akaegemea mlango. Mwanawe akamweleza yaliyotokea. Watu wote wakangoja hasira zake. Yeye akasema maneno machache kwa sauti ya chini, na Benedito akatafsiri.

"Baba anasema alijua ni dawa ya kuharisha tangu funda la kwanza. Ila alidhani ndiyo mila yenu, kwamba baba wa bwana harusi hupimwa uvumilivu. Akajisemea, kama ndiyo njia ya mwanangu kuoa, nitakunywa. Sasa anauliza: amefaulu, au bado kuna kikombe cha tatu?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee Kasian alicheka mpaka akaketi chini. "Amefaulu!" akasema akifuta machozi. "Watu wanaopendana hivi, mtoto wetu hatateseka kwao."

Mwalimu Odilo hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na kikombe kilichojaa, akasimama mbele ya mgeni wake.

"Mkwe, nisamehe. Cha tatu ni changu."

Akakinywa chote mbele ya ukoo wake.

Posa ilipita jioni ile ile kwa vigelegele, ingawa makofi yalipopigwa, baba wa binti hakuwepo chumbani.

Funzo: Neno likivuka mpaka hubadili maana. Kabla hujamtibu mtu kwa neno ulilolisikia, mwulize anaumwa wapi.