Jitegemee Ndani ya Kabati

Jifya ni jiwe la jikoni. Yakikaa matatu, chungu hutulia juu yake kikatokota kwa raha zake. Likiwa moja, hata liwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe, chungu hupinduka na mchuzi ukanywewa na majivu. Ndiyo maana wahenga wakasema kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Maneno haya hayakumwingia akilini seremala mmoja aliyejiita Jitegemee, hadi siku alipojifungia kabatini mbele ya wageni wake mwenyewe.

Seremala huyu alitoka katika ukoo wa wavunja kokoto. Bibi yake alivunja mawe, mama yake akavunja mawe, na dada yake mkubwa bado alishinda juu ya gunia machimboni, nyundo mkononi, akipasua mawe ya kujengea nyumba ambazo yeye hangekaribishwa hata ukumbini. Jitegemee ndiye pekee aliyechomoka. Alikuwa na karakana, mashine ya kuranda na kitambi cha heshima. Kila alipopata msikilizaji, hata mteja aliyekuja kuulizia stuli tu, alimsimulia jinsi alivyojiinua bila kushikwa mkono na mtu.

"Umaskini ni tabia," alikuwa akisema huku akijipiga kifua. "Mtu akiamka mapema, unamkimbia wenyewe."

Dada yake aliamka kabla ya jogoo kila siku ya Mungu, lakini hilo Jitegemee hakulitia maanani.

Siku chache kabla ya kufungua karakana yake ya pili, alijiwa na binti wa dada huyo, aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake.

"Shikamoo, mjomba. Naomba nirudi kujifunza useremala."

"Marahaba. Si wewe uliyetoroka mafunzo?"

"Sikutoroka, mjomba. Mama alijiponda kidole kwa nyundo. Kwetu asipovunja mtu, hakipikwi kitu. Nikakaa kwenye gunia lake mpaka akapona."

"Visingizio! Hapa mwanafunzi huja na vifaa vyake na chakula chake. Nenda kwanza ukajiinue, kisha uje."

Kijiti akaondoka amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Angejiinua vipi, bila vifaa wala chakula?

Siku ya ufunguzi ikawadia. Wateja na majirani walijaa pomoni. Mama mzazi wa Jitegemee aliketishwa mbele na fimbo yake; dada na Kijiti walisimama nyuma, karibu na rundo la mabanzi. Katikati lilisimama kabati kubwa lenye komeo la shaba mlangoni. Jitegemee alihutubia mpaka jasho likamtoka. Alipoishiwa na sifa zake mwenyewe, akageukia za kabati.

"Mlango huu ukifungwa, hata upepo haupenyi!" alinguruma. Ili kuthibitisha, akaingia ndani, kitambi kikitangulia, akauvuta mlango. Komeo likaanguka mahali pake: ka!

Watu wakapiga makofi. Wakangoja atoke. Kisha kabati likatikisika.

"Jamani, fungueni."

Mteja mmoja akanyanyuka, lakini mama mzee akamzuia kwa fimbo. "Kaa chini, baba. Mwanangu hajawahi kushikwa mkono na mtu. Usimtie doa leo."

"Mama! Nifungulie!"

"Jitume, mwanangu!"

"Najituma! Nasukuma kwa nguvu zote!"

"Au leo hukuamka mapema?"

Wageni waliangua vicheko, mmoja akashika mbavu. Kutoka kabatini sauti ilipanda kama ya mbuzi aliyesahauliwa mvuani. "Mama, kuamka kunahusu nini? Komeo liko huko nje!"

"Ehe! Rudia, wasikie na walio nyuma."

"Komeo liko nje! Aliye ndani hawezi kulifikia!"

Vicheko vikapungua. Mama mzee akasogeza kiti karibu na kabati. "Na komeo lako wewe nani alilifungua? Ile randa yako ya kwanza, ulizaliwa nayo? Maana niliyekuzaa ni mimi, na sikuiona. Fundi wako alikuachia yake. Na ulipokuwa kwake unajifunza, fungu lako la mawe alilivunja dada yako. Asubuhi lake, jioni lako. Kidole chake kilipopondeka, nani alimvunjia yeye?"



"Mama, yatosha," dada akasema. "Atakosa hewa."

"Upepo haupenyi. Ni ufundi wake huo."

Hata hivyo Kijiti alikwishafika mlangoni. Akainua komeo, na mjomba wake akadondoka nje, kalowa chapachapa, vumbi la mbao limemganda kama kitumbua kilichoviringishwa kwenye unga. Hakumwangalia mtu ila dada yake.

"Dada, kweli ulinivunjia fungu langu?"

"Sasa ungekula nini, mdogo wangu? Misumari?"

Watu wakacheka tena. Jitegemee naye alicheka, kisha machozi yakamlengalenga, akajifanya anapangusa vumbi.

Kesho yake alikwenda machimboni, na safari hii hakwenda kuhutubia. Alikaa kwenye gunia, akashika nyundo, na jua halijafika utosini mikono yake ilikuwa imejaa malengelenge. Ndipo alipomuuliza dada yake swali ambalo hakuwahi kumuuliza: ni kitu gani hasa kinachowazuia kutoka hapa?

"Tusipovunja leo, leo hatuli," dada akajibu. "Ukimchukua Kijiti, umechukua nusu ya chungu. Ndiyo maana kila mara hurudi."

Basi Kijiti akapewa vifaa vya karakana, chakula cha mchana, na posho tangu siku ya kwanza, ili nyumbani pasipungue kitu. Mambo hayakunyooka mara moja. Stuli yake ya kwanza ilichechemea vibaya, mteja akaanguka nayo, na Jitegemee akafungua mdomo kuanza hotuba. Akaufunga. Akachukua randa, akamwonyesha tena.

Kijiti aliiva akawa fundi. Masika yaliyofuata kifua kilimbana mama yake, akalala kitandani muda mrefu, na hakuna aliyemrudisha binti kwenye gunia, kwani jikoni moto uliwaka kila siku. Mama alipopata nafuu, alihamia karakanani kupiga msasa, akalalamika kuwa mbao ni laini mno kwa mtu aliyezoea mawe.

Baadaye Kijiti alikabidhiwa karakana ya pili. Wanafunzi wake wengi hutoka machimboni, na kabla hajawauliza kama wanajua kushika msumeno, huwauliza kwanza waliowaacha nyumbani wanakula nini. Wengine huona swali hilo ni la ajabu. Yeye halioni hivyo, kwani ameyaona kwa macho yake: jifya moja haliinjiki chungu.