Nambari Kumi na Moja

Wewe hapo, weka simu chini, nakuuliza wewe: mtu mmoja anaweza kuwa watu watatu? Usinijibu kwa mambo ya kanisani. Naongea kuhusu raga. Naongea kuhusu jezi moja, na leo ni Ijumaa, na saa kumi na moja kamili ofisi inafungwa.

Si hapo zamani za kale. Ni Machi hii iliyopita.

Timu yetu inaitwa Kware kwa sababu tunafanyia mazoezi kwenye kware, pale walipochimba mawe ya kujenga mji mzima, wakatuachia shimo. Tuko wachezaji kumi na wawili na jezi nane. Raga yetu ni ya wachezaji saba, kwa hiyo saba ziko uwanjani, na ile ya nane ina tundu mgongoni la kupitisha kichwa. Basi mtu akitoka, anavua. Anayeingia anavaa hiyo hiyo, na jasho la mwenzake ndani. Tunaita kurithi. Kocha Auma husimama kwenye mstari na kupiga kelele, "Nani anamrithi nani?" Mashabiki wa timu zingine huanguka wakicheka. Sisi tulishazoea. Sheria inakataza, lakini refa wa kaunti yetu akiona jezi zetu huamua kuangalia mawingu.

Mimi ndiye huzifua. Nina digrii ya takwimu, second class upper, na kila Jumapili nafua jezi nane. Msinionee huruma, sikilizeni hadithi.

Kuna vijana watatu wenye umbo moja, na ndiyo sababu hurithiana nambari kumi na moja. Amakobe ana mabega. Akikugonga unasahau ulikuwa unaenda wapi. Nyakundi ana miguu. Amekulia kwenye milima ya Kisii na anakimbia kama mtu aliyeachwa na basi la mwisho. Limo hajawazidi urefu, lakini mpira ukiwa hewani ni wake, na hakuna aliyewahi kuuona ukimponyoka.

Fainali ya kaunti tulicheza na timu ya mjini, wale wenye basi lao na jezi mbili mbili kila mtu. Mvua ilikuwa inanyesha. Sisi sote tulikuwa tumenyoa vipara, kama tufanyavyo kila fainali.

Mwisho wa kipindi cha kwanza ilikuwa saba kwa saba. Winga wao akachomoka peke yake, hatua tano kutoka mstari wetu, tayari ameinua mkono kushangilia. Amakobe akaja kutoka upande ule mwingine wa uwanja, akamgonga katikati ya kifua. Mlio ule niliusikia mimi kwenye benchi. Mpira ukaruka nje. Mapumziko. Amakobe akaja akitembea vizuri, akavua jezi kwa mkono mmoja, akampa Nyakundi. "Rithi, buda. Iko warm." Baadaye tu ndiyo tulijua mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na hakusema, kwa sababu angesema Kocha angeshtuka na timu ingeshtuka naye.

Kipindi cha pili wakatufunga. Kumi na nne kwa saba, dakika mbili zimebaki, na tuko kwenye mstari wetu wenyewe. Nyakundi akachukua mpira. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, wa tatu akamshika jezi ikachanika kwapani, hakugeuka. Urefu wa uwanja mzima. Akauweka chini katikati ya magoli, trai, pointi tano; teke likaingia, mbili zaidi, kumi na nne kwa kumi na nne. Alikuwa bado na pumzi, nawaambia! Angeweza kumaliza mechi akiwa shujaa. Lakini alitazama saa, akaona kumebaki mpira mmoja wa kuanzia, wa kugombaniwa hewani, akavua jezi bila kuitwa. "Limo! Kuja urithi, hii si ya miguu."

Kocha Auma akafoka, "Nani amekutoa?"

"Nimejitoa, Kocha."

Limo akaingia, kwapa moja liko nje. Mpira ukapigwa juu, ukapotelea kwenye mvua. Wanaume wawili wakubwa walikuwa chini yake. Limo akaruka katikati yao akauchuma kama parachichi, akagongwa akiwa bado hewani, akaangukia shingo. Akatambaa. Wakamvuta miguu, akatambaa, akaweka mpira kwenye mstari. Filimbi. Kombe.

Shabiki mmoja wa mjini alirekodi video kutoka ng'ambo ya uwanja, akaiweka mtandaoni kwa hasira. Kwenye ile video huoni sura. Unaona matope, kipara, na nambari kumi na moja.

Jumanne hii barua imefika kutoka klabu moja ya Ufaransa. Nimeitafsiri mimi, kwa sababu hiyo digrii lazima ifanye kazi fulani: "Mchezaji wenu nambari 11 ndiye tumemtafuta kwa miaka. Anakaba kama ukuta, anakimbia uwanja mzima, na hewani hana mpinzani. Tunampa mkataba wa miaka miwili. Jazeni jina lake." Nafasi ya jina kwenye fomu ni moja.

Nikampigia Katibu wa chama cha raga. "Mheshimiwa, huyu mtu hayuko. Ni watu watatu."

"Usinichanganye, kijana. Kwenye orodha ya mechi, nambari kumi na moja ni nani?"

"Ni Amakobe. Lakini..."

"Ukianza hizo lakini, mmevunja sheria, kombe linarudi mjini na mkataba unaenda kwa mchezaji wa Fiji anayesubiri. Nataka jina moja. Saa kumi na moja nafunga." Akakata.

Sasa ni saa kumi na nusu. Tuko kwenye kibanda cha mabati cha kuwekea mipira, fomu iko juu ya ndoo ya kufulia, na kalamu ninayo mimi.

"Nambari ni yangu," anasema Amakobe. "Imeandikwa. Nilivunjika mfupa nayo. Na nina miaka ishirini na saba, barua ya pili haiji."

"Huo mfupa ulizuia pointi saba tu," anasema Nyakundi. "Bila mbio zangu mngekuwa mnajadili jinsi mlivyopigwa. Na si nilivua mwenyewe? Nani mwingine hapa amewahi kuvua bila kusukumwa?"

"Basi ukivua umevua," anasema Limo. "Maiti haidai suti yake."

"Unaniita maiti?"

"Nakuita brathe. Lakini aliyeweka mpira chini ni nani? Shingo hadi leo haigeuki yote, nikiitwa nageuka na mwili mzima kama kabati."

Wakacheka wote watatu, mara moja. Hicho kicheko kiliniumiza kuliko kelele.

Kocha Auma anahesabu kwa vidole. Amesimama mlangoni. Mwishowe anasema polepole, "Wanataka mabega, miguu na mikono. Yeyote atakayeenda, theluthi moja ndiyo itashuka kwenye ndege. Wiki ya kwanza watauliza mbili zilizobaki ziko wapi."

"Nitajifunza," wakasema wote watatu.

Kocha akanitazama. "Haya, wewe wa digrii. Nani anamrithi nani?"

Saa kumi na dakika hamsini. Nimefungua kifuniko cha kalamu.

Aliyevunjika akanyamaza? Aliyekimbia akajivua? Au aliyetambaa akafika? Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, usiniambie "wote wanastahili," hiyo ni ya wanasiasa. Shika kalamu hii. Ungeandika jina la nani?

Nanyi wa chama, wakubwa wa ofisini, msidhani nimewasahau. Mwaka jana mlipigwa picha mkipokea jezi ishirini mpya za Kware, mkicheka meno yote. Hazijafika shimoni. Zileteni. Zote ishirini, kabla ya mechi ya Jumamosi ijayo, ili kila mtu avunjike, akimbie na atambae kwa nambari yake mwenyewe. Na wewe Katibu, anza na ile kumi na moja: mwambie mwanao aivue, nimemwona nayo akiosha gari.