Somo wa Binti Shomari

Hapo zamani, tena si zamani ya majini na wafalme, ni zamani hii hii ya kompyuta na simu, paliondokea fundi cherehani jina lake Shomari. Mkewe, Tunu, alijifungua mtoto wa kike, kisha damu ikamtoka isikome. Daktari akasema, "Inatakiwa damu ya kundi O hasi sasa hivi, na hapa hospitali imekwisha." Shomari akapimwa, yake haikufaa. Akaketi sakafuni.

Muuguzi Mkasi akakimbilia kompyuta yenye majina ya wachangia damu wa wilaya nzima. Awali kompyuta ile ilikuwa na swali moja tu, halipindi: taja kundi, taja kata, taja umri. Ukiacha kisanduku kitupu, yenyewe inatafuta mtu asiye na umri! Utampata wapi? Kabla ya siku hiyo, mtunga programu mmoja, Zawena, alikuwa ameifumua. Akaifanya ianze bila sharti lolote. Ukijaza kisanduku, sharti linaongezeka, ukikiacha, linarukwa. Swali likawa linashonwa palepale, kwa kipimo cha muulizaji.

Mkasi akajaza kundi, akajaza na kata ya mjini kwa mazoea. Akabonyeza. Hakuna mtu. Akabonyeza tena. Hakuna. Shomari akaanza kulia waziwazi. Mkasi akaitazama ile kata, akaifuta, akabonyeza. Likatoka jina moja: Bi Havijawa, wa ng'ambo ya mto.

Bi Havijawa siku hiyo alikuwa anamwoza mwanawe. Alipopigiwa simu akaacha wageni, akaacha pilau jikoni, akapanda bodaboda na hina mikononi. Damu yake ikapimwa, ikafaa. Tunu akapona. Alhamdulillahi!

Siku ya kumpa mtoto jina, Zawena, Mkasi na Bi Havijawa wakaalikwa. Tunu akasema, "Mume wangu, mwanetu aitwe jina la aliyeniokoa, awe somo wake."

Zawena akadakia, "Kaka Shomari, bila kazi yangu, Mkasi angefuta kata, na kompyuta ingemtafuta mtu asiye na kata mpaka leo. Somo ni mimi."

Mkasi akasema, "Programu haijui kufuta. Sharti nililiondoa mimi, kwa kidole hiki."

"Na nani alilijaza?" Zawena akamuuliza. Wakacheka wote, hata Mkasi mwenyewe.

Bi Havijawa akajitengeneza mtandio. "Wanangu, kilichoingia kwenye mishipa ya Tunu ni programu, au ni kidole?"

Shomari akamtazama mkewe anavyonyonyesha, moyo ukamjaa. "Nawashukuru nyote, wallahi, mpaka naingia kaburini. Lakini mtoto ni mmoja, na jina ni moja."

Basi enyi mnaonisikiliza, Shomari ameshainama kwenye sikio la mwanawe, na wanawake wale watatu wanamsogelea wasikie. Mwambieni upesi, amtamkie jina la nani? Je, nani alistahili kuwa somo?